Shangazi na Harufu za Bangi

Mama mpendwa,

Pokea salamu za Houston, penye joto la kulowesha shati kivulini. Leo nimetetea tasnifu yangu ya udaktari kuhusu harufu za bangi. Shangazi, ambaye huwaficha wenzake wa kanisani ninachosomea, aliendesha gari kutoka Dallas akaja kuketi nyuma, amenuna. Kabla ya kuanza, nilimpa kichupa chenye mojawapo ya harufu nilizochunguza, anuse.

"Hii si ni limau!" akasema.

Nikaeleza kwamba harufu hiyo imo pia kwenye bangi, na huenda ikapunguza wasiwasi ambao bangi yenyewe huleta. Maprofesa walipotangaza nimefaulu, Shangazi alipiga vigelegele hadi ukumbi mzima ukageuka. Sasa anawapigia simu watu wa kanisa, na neno bangi analitaja bila kunong'ona.

Mungu akutunze, Mama. Nakukumbatia sana.

Daktari wako,
Njeri