Pilipili kwenye Kumbukumbu ya Mtu

Kamwene dada Tumaini,

Sijamwambia mtu: leo nimemkemea mtu mzima mgahawani, hapa Makambako. Mwalimu wa kompyuta alitufundishia humo, kwa sahani za maharage. Kila sahani ni kumbukumbu ya programu moja. Kutazama ya jirani ruksa, kuandika humo, yaani kutia chochote, marufuku. Mimi nilikuwa kiini cha mfumo, mlinzi. Ningenyamaza, ningefeli.

Dereva wa lori, wala si mwanafunzi, akamtilia mkewe pilipili sahanini, meza ya pili.

“Huna ruhusa ya kuandika!” nikapaza sauti.

“Binti, huyu mke wangu!”

“Kumbukumbu ni yake!”

Mkewe akacheka: “Mwanangu, ulikuwa wapi siku zote?”

Dereva akaniomba ruhusa ya kutia chumvi sahani yake mwenyewe. Nimefaulu!

Jifunike, dada, baridi isikuumize. Mama usimwambie kamwe. Akijua nina sauti, atanisimamisha kanisani nisome matangazo.

Mdogo wako, Neema