Kikombe Kilichongoja Maghribi

Mama,

Kwanza nakusihi: neno lolote la barua hii lisitoke kwako. Nakujua, huko uliko umeshapata majirani wapya na unawasimulia mambo yetu mpaka wanashika mbavu. Hili usiwasimulie. Likimfikia wakili ninayemfanyia kazi hapa Ruiru, sina kazi.

Nilimwandikia mwanao, Baba Rehema, barua ya vitisho. Niliipiga kwa taipureta ya ofisi, kwenye karatasi yenye jina la wakili, mwenyewe akiwa kortini. Nikasema asipomrudisha Rehema kabla ya Krismasi, hatua za kisheria zitachukuliwa. Kisha nikagonga mhuri. Niliugonga huku nikitazama mlango, ukatoka mara mbili. Si ulikuwa ukiniambia, "Wee Shiku, karani gani anaogopa hata mhuri wake?"

Niliogopa, Mama. Nitakuficha nini? Tangu mimi na Baba Rehema tuachane, nyumba yako ya Thika ndiyo iliyotushika. Wewe ndiwe uliyeamua Krismasi mtoto awe kwangu na Idd awe kwa baba yake. Nilipokuja kumchukua, hukuniruhusu kusimama mlangoni. "Mtoto hapokewi kama gunia la viazi. Keti, unywe chai." Ukammiminia na mwanao, tukakaa sisi wawili tumenuna kama paka walionyeshewa mvua, na Rehema katikati akila mandazi. Hukutuambia tupatane. Ulitaka tu vikombe viishe. Na kabla havijaisha tulikuwa tumeshaongea habari za kikohozi chake, viatu vilivyombana, na mwalimu aliyesema anapiga kelele darasani.

Ulipofariki Julai, nililia nyuma pamoja na wanawake wengine. Wanaume walikwenda makaburini, sisi tukabaki na sufuria. Mpaka leo sijaliona kaburi lako. Labda ndiyo maana naandika.

Agosti shule zilipofungwa, ilikuwa zamu ya baba yake kuwa naye wiki mbili. Sikumpeleka. Nilituma neno kwamba mtoto ana kikohozi. Hakuwa nacho, Mama. Nilijiuliza, bila wewe, nani atanirudishia?

Desemba zamu yake ilipofika tena, sikuwa na uongo mwingine. Nikampeleka, nikamwacha kwa jirani yenu kabla baba yake hajatoka kazini, nikakimbia kama mwizi. Mwaka huu Krismasi imeangukia ndani ya Ramadhani, na jirani yangu hapa akanichokoza, "Huyo msahau. Akionja futari ya huko utamwona Idd ikiisha." Alikuwa anacheka. Mimi siku hiyo hiyo nilikwenda kwenye taipureta.

Basi mkesha wa Krismasi nikaja Thika na barua mkobani. Saa tisa mchana. Nilibisha nikarudi nyuma hatua moja, nikiwa nimeshayapanga maneno. Mwanao akafungua. Amekonda kwa saumu, midomo imekauka. Akaniangalia nilivyosimama, akasema, "Ingia ukae. Unataka Mama aninyime usingizi?"

Mezani palikuwa na ile chupa yako ya chai yenye maua, mandazi yamefunikwa kitambaa, na vikombe viwili. Kimoja akakijaza akanisogezea. Cha pili, chake, kilikuwa kimefunikwa sahani, akakiacha hivyo hivyo. Nikamwambia sitaweza kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Akasema, "Kwani mgeni ni mimi?"

Sikuweza. Nikakifunika changu na sahani, nikasema nitangoja. Rehema akaruka, akatoka mbio kutangazia majirani wa ploti nzima, "Mama yangu naye amefunga!" Baba yake akacheka. Mama, sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa miaka.

Tukangoja. Akaniletea begi la mtoto. Juu kabisa palikuwa na gauni jekundu, lile ulilokuwa umelikata kabla ya kuugua, kwa sababu nguo za Krismasi za Rehema ulizianza mapema kila mwaka, wewe uliyekuwa huendi kanisani. Lilikuwa limebaki upindo. Ameushona mwenyewe, mishono mikubwa kama ya gunia la kahawa, umepanda huku na kushuka kule. Nikauliza kwa nini hakumpa fundi. Akasema, "Ningempaje fundi kazi ya Mama?"

Halafu, akiangalia chini, akasema, "Agosti nilitengeneza chai siku tatu. Maziwa yakaharibika."

Nami nikamwambia hapakuwa na kikohozi. Akasema anajua.

Adhana ilipolia alikula tende, akanywa maji, akafunua kikombe chake. Akataka kunipashia changu, nikakataa. Nilikinywa kikiwa baridi, na utando wa maziwa juu, mpaka mwisho. Kisha akatusindikiza hadi stejini kwenye matatu, Rehema mabegani mwake. Ile barua nimewashia jiko asubuhi ya Krismasi. Chapati zilizotoka juu yake, Rehema amekula nne, na gauni lake la upindo uliopinda kanisani wamelisifu.

Asante, Mama. Nilidhani umeondoka na amani yetu. Kumbe uliigawa, nusu yangu na nusu ya mwanao, na mimi nusu yangu nilikuwa nimeificha.

Idd nitamleta mwenyewe. Sitamwacha kwa jirani. Nitabisha, nitaketi, nitakunywa. Na wewe lala salama.

Ukitaka kunifikia, nimehama. Siko tena karibu na stesheni, niko Gatongora, ploti yenye geti la kijani, mlango wa mwisho mkono wa kushoto, wenye pazia ulilonishonea. Ofisini usije, nitazimia. Njoo saa ya chai. Huna haja ya kubisha. Utaona kikombe kimefunikwa sahani, hicho ni chako.

Wako,
Shiku, Mama Rehema