Nusu ya Kitumbua, kwa Mama Aliyelala Mbuchi

Mama,

Salma anakula. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kabla hata ya salamu. Ulimi wake umetakata, tumbo limeshuka, na jana alimfukuza paka uwanja mzima hapa Kibiti. Nikamwita mara tatu, naye kama kawaida yake hakugeuka.

Ila sikuandikii habari njema tu. Nina uchungu, Mama, na wa kumtolea simpati.

Unamkumbuka yule niliyemwita mtaalamu, aliyefikia gesti kule Ikwiriri? Wewe tangu siku ya kwanza ulimwita muuza vidonge. Aliniambia usonji wa mjukuu wako umetokana na madini mazito mwilini, vidonge vyake vitayavuta yatoke, na mtoto ataanza kusema. Ataanza kusema! Miaka tisa nasubiri mwanangu aniite, halafu mtu ananiambia hivyo, ningemuuliza cheti? Akaongeza kwamba madini yakianza kutoka, fangasi wa tumboni, ambao ni kama hamira, huinuka, kwa hiyo nisimpe chenye sukari, wala wali, wala chochote kilichoumuka. Salma alikuwa anakula vitu vitatu tu duniani: wali mweupe, ndizi mbivu na vitumbua vyako. Nikavikataza vyote.

Ulimi ulipoota utando mweupe, tumbo likajaa, akawa analia na kujing'ata mkono, nilimpigia simu mtaalamu. "Hao ni fangasi wanakufa," akanijibu. "Wakifa lazima wasumbue. Ongeza dozi." Nikaongeza. Kila alichougua mwanangu, jibu lilikuwa fangasi, na kila fangasi alikuwa na kichupa chake.

Nawe ulikuwa barazani kila asubuhi na kikaango chako cha mashimo saba. Cha kwanza kuiva ulikikata nusu kwa nusu, yako na yake, mkala mkekani bila kusemeshana. "Mke mwenzangu hana maneno," ulikuwa ukisema, "ndiyo maana tunapatana." Nilipokataza, ukawa unampa kwa siri. Siku niliyowafuma nilimpokonya kikiwa mdomoni. Nikabeba sinia zima nikawamwagia kuku, wateja wako wakitazama, nikakwambia unamuua mwanangu kwa hamira yako.

Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Hamira ikishaingia kwenye mafuta ya moto imekufa, mwanangu. Miaka yote hii nakaanga, nisijue?" Nikakujibu kwamba mwenzio kasoma. Kesho yake ulifunga kanga zako ukarudi Mbuchi kwa mdogo wako. Kikaango ukakiacha pale pale, umekifudikiza.

Nilijiambia Salma akipata nafuu nitakufuata nikuombe radhi. Sikukufuata. Presha ilikuwahi. Boti yetu ilikwama maji yamekupwa, nikafika wameshakuzika. Nikamuuliza mama mdogo kama umeniachia neno. Akaangalia chini, akasema ulimuulizia Salma. Mimi hukuniulizia. Watu wananiambia mama hana kinyongo na mwanawe, lakini hayo ni maneno ya msibani, kila mtu anayajua.

Arobaini yako haijatimia, Salma akaanguka. Hospitali tulimkuta daktari msichana, mdogo kuliko mimi. Alivisoma vile vidonge akakunja uso. Akasema dawa ile hupewa mtu aliyepimwa akakutwa na sumu ya madini. Usonji haiutibu, na inaweza kuchota hata madini ambayo moyo wa mtoto unayategemea. Utando wa ulimini kweli ulikuwa fangasi wa mdomoni. Akatupa dawa ya matone, ukaisha. Nikamuuliza kuhusu vitumbua. "Hamira inakufa kwenye mafuta, mama," akasema. "Mwache ale."

Maneno yako yale yale! Nikayaamini kwa kuwa yametoka kwenye koti jeupe. Nakasirika, na nikimtafuta wa kumkasirikia namkuta kwenye kioo. Mtaalamu hapokei simu. Kwenye kundi la simu la wazazi wenzangu wanaomwamini, nilipoandika yaliyotupata, walinitoa. Majuto ni mjukuu, ulikuwa ukituambia. Sikujua utaniachia majuto na mjukuu pia.

Leo asubuhi nilikisugua kikaango chako kutu. Nilikuwa nimeloweka mchele tangu jana, nikausaga, nikatia tui, iliki na hamira, nikausubiri uumuke. Vya kwanza viliungua, vilivyofuata vikanata. Salma akaja akakaa mkekani. Alichukua kimoja, akakinusa sana, akakikata. Nusu akala. Nusu ya pili akainyoosha upande ule uliokuwa ukikaa wewe, akangoja. Mkono haukushuka. Nikaenda nikakaa pale, nikaila huku nalia, naye hakunitazama.

Lala salama, Mama. Vidonge nimevitumbukiza chooni. Nakuahidi mjukuu wako hatashinda njaa tena kwa sababu yangu, aseme asiseme. Na kila akinyoosha mkono nitakaa mahali pako, niile nusu yako.

Mimi mwanao,
ambaye hukumuulizia.