Nyama ya Shingo Yangu

Dada yangu mpendwa Vumilia,

Amani ya Bwana ikukute hapo Luberizi pamoja na wajukuu. Uniwie radhi kwa kukawia kuandika. Shingo ndiyo iliyonikawiza.

Zile dawa za kifua kikuu nilizopewa huko kwa kutazamwa tu, bila kipimo, hazikupunguza uvimbe. Hapa Bukavu daktari alitaka kutoa tezi moja nzima, ipimwe kwa hadubini. Nilimshuku, dada. Nyama ya mtu ataifanyia nini? Nikakifuata kichupa alimoitia hadi mlango wa maabara, nikaketi hapo mvua ikininyeshea. Muuguzi akacheka: “Papa, uko nachunga nini? Nani ataiba nyama ya muzee?”

“Uniwie radhi, maman. Hata mbuzi wangu simwachi kwa mgeni.”

Jibu limetoka: si kifua kikuu, ni saratani ya matezi, nayo ina dawa yake. Nitaanza Jumatatu. Sasa ninavishuku vile vidonge vya kifua kikuu vya huko.

Mungu akutunze. Kadi hii anakuletea Maman Nabintu, mnunuzi wa mpunga. Umpe chai, kisha umwombe kwa upole afungue kitambaa cha shingoni. Nimeuona uvimbe wake, naye ameniambia amekwisha kuanza vidonge vilevile bila kupimwa.

Kaka yako