Bibi Harusi Hajatoka Nje

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Umefika salama? Huko ghalani wanawapa muda wa kula? Mimi mzima, mgongo tu unalalamika, na huo tumeshauzoea.

Bibi Harusi yuko juu ya kabati, nimemfunika shuka jeupe. Wateja wakija kupima nguo wananiuliza, "Mama, lidege gani hili halina hata injini?" Nawaambia linangoja upepo na mwenye rimoti. Ndege ninayo mimi, rimoti unayo wewe, hakuna wa kurusha bila mwenzake. Ndivyo tulivyoahidiana. Nimeibandika nguo ya mabawa yale kwa pasi mpaka vidole vikaungua, kwa hiyo siku anayotoka nje kwa mara ya kwanza nataka uwe pembeni yangu.

Nijibu kwa karatasi. Simu siitaki. Kwenye simu ukikosa jibu unacheka.

Mama yako

2 Mei

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, nakula, usiwe na wasiwasi. Kazi ni kubeba maboksi na kupiga chafya, vumbi ni jingi. Msimamizi anasema likizo labda Juni.

Rimoti iko salama. Nikuulize kitu: ukimweka Bibi Harusi juu ya vidole viwili, palepale tulipotia alama chini ya mabawa, analala sawa au mkia unashuka? Na upepo ukija kwa mbele, mtu hatakiwi kuvuta kwa pupa, anagusa tu kwa kidole gumba.

Wasalimie wote.

Mwanao

15 Mei

Mwanangu,

Habari za siku? Mimi nusu mzima.

"Anagusa tu kwa kidole gumba." Ehe! Nani kakufundisha hayo? Ulipoondoka hapa hata kuiwasha rimoti ulikuwa hujui bila kusoma maelezo. Mimi ni fundi cherehani, namjua mteja aliyepeleka kitambaa kwa fundi mwingine kabla hajafungua mdomo. Anaanza kusifu kazi yangu bila sababu.

Fundi saa wa duka la pili ananiambia rimoti hizi huweka majina ya ndege zote zilizowahi kuzitii. Piga picha kioo chake, uichapishe, uitie kwenye bahasha. Sitaki maneno, nataka picha.

Na analala sawa kwenye alama. Usinizungushe.

Mama yako

20 Juni

Shikamoo mama,

Sijambo, natumaini nusu ile nyingine imepona. Picha hiyo hapo. Ndiyo, kuna majina mawili. La pili ni utani tu, nitakueleza nikija. Likizo imesogezwa mbele, si kosa langu.

Lakini mama, na mimi nina la kuuliza. Huyo fundi saa habari za rimoti kazijulia wapi? Dada kaniandikia kwamba kamkuta mezani kwako amekumbatia bawa. Anatafuta nini? Siku hizi naona kila jambo ni fundi saa, fundi saa.

Mwanao

6 Julai

Mwanangu,

Salamu zitafuata nikipoa.

"1. BIBI HARUSI. 2. MKE MDOGO." Mke mdogo! Huna hata haya! Nami nakaa hapa namfuta vumbi mwenzio kila asubuhi. Unarusha na nani? Kilima gani? Nani kapiga pasi mabawa ya huyo mwingine? Sasa naelewa kwa nini likizo haifiki. Mtu akishapata pengine, nyumbani huwa mbali ghafla.

Fundi saa ni mtu mzima na mke wake ni mteja wangu, usijifiche nyuma yake. Ana rimoti yake ya zamani. Anasema ndege husikiliza mkono mmoja tu: ukimfungisha ndoa na rimoti nyingine, ile ya kwanza haitambui tena. Jumamosi ya kwanza ya Agosti napanda naye kilimani. Uwepo, usiwepo.

Mama yako

27 Julai

Shikamoo mama,

Nakuomba usimrushe. Hata jasho sijafuta, naandika nimesimama.

Mke Mdogo ni povu la maboksi ya ghalani. Nimeliunga kwa gundi na utepe, baya hata mbwa hubweka likipita. Nimelikata kwa vipimo vilevile vya Bibi Harusi, ili kama ni kuvunja nivunje hilo, nisivunje kazi ya mikono yako. Kila nikipata nafasi narusha peke yangu nyuma ya ghala. Nilitaka kukushangaza. Nilitaka uone mwanao anamshusha mpaka miguuni pako.

Mama, alama yetu si sahihi. Tuliiweka nyuma mno, pua ni nyepesi. Langu lilikuwa linanyanyua pua, linasimama hewani, halafu linaangukia mkia, mpaka nilipobandika puani vipande vya risasi, vile vya kusawazishia tairi. Bibi Harusi atafanya hivyohivyo. Nimepewa likizo, nakuja katikati ya Agosti na risasi mfukoni. Mwambie fundi saa asiguse kitu.

Mwanao

5 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Unaendeleaje? Mwili wangu mzima.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nikatazama mwandiko, nikasema haya, visingizio vingine hivi. Nikaitia mfukoni mwa aproni bila kuifungua.

Jumamosi nilishika mimi rimoti ya fundi saa, naye akamnyanyua Bibi Harusi juu ya kichwa, akamsukuma kwenye upepo. Alitoka vizuri, mwanangu. Mweupe, kimya. Nikapiga kigelegele peke yangu pale juu. Kisha akanyanyua pua, akasimama hewani. Nikagusa kwa kidole gumba kama ulivyosema. Haikusaidia, akaangukia mkia.

Nilikaa kwenye majani, nikatia mkono mfukoni nitafute kitambaa nijifute macho, nikaitoa barua yako. Nikaisomea hapohapo. Fundi saa akauliza umeandika nini, nikampa karatasi asome mwenyewe.

Bawa la kulia limekatika, mkia umekwisha. La kushoto ni zima. Nimekushuku bure na roho inaniuma.

Njoo hivyohivyo, na risasi zako. Mlete na Mke Mdogo, umpakie kwa heshima. Nitambandua Bibi Harusi nguo iliyosalimika, nimvike yeye. Pasi nitaiweka moto mdogo, povu lisiyeyuke.

Rimoti utashika wewe. Mimi nitakaa pembeni.

Mama yako