Mafungu Mawili ya Kabula

Mwanangu Kabula,

Leo nimemaliza kuchuma pamba, nikakukumbuka.

Unaikumbuka ile gemu ya mkononi, ya matofali yanayoshuka, aliyokuletea mjomba wako kutoka Mwanza? Ni miaka ile vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani. Nesi wa Bariadi alikuwa ameshanieleza kwamba ulizaliwa na hali iitwayo Down, kwamba hakuna aliyekuloga, na kwamba akili yako inataka mazoezi. "Mpe michezo ya kupanga vitu," alisema.

Mwezi mzima matofali yalikushinda. Yalijaa mpaka juu, gemu ikalia, nawe ukacheka na kuanza upya. Baba yako alikuwa akikutania, "Fundi, nyumba hiyo itaangukia watu!" Nawe ukamjibu, "Ngoja, baba." Halafu siku moja ukageuza tofali refu, likaingia mahali pake, mstari ukafutika. Ulikimbia zizini kumwonyesha, ukapiga teke kibuyu cha maziwa. Hakuna aliyekugombeza.

Msimu ule ule ukajua kuchambua pamba, kazi niliyokufundisha miaka mitatu bila mafanikio. Sijui kama ni gemu iliyokufungua. Ninachojua, ulikaa mkekani, pamba nyeupe huku, fifi, ile chafu yenye madoa, kule, na hukukosea.

Ndipo wanunuzi binafsi walipoingia hapa kwetu Nkololo. Yule aliyefika kwetu alitazama mafungu yako akacheka. "Mama, siku hizi hatuchagui. Changanya yote."

Ukalilalia fungu jeupe, mikono umeipanua, ukanisihi mimi mama yako. "Mayu, hapana!"

Nami, kwa kuogopa lori lake lisituache, nikakuinua, nikachanganya kwa mikono yangu mwenyewe. Hukulia.

Moyo wako, uliozaliwa nao mbovu, ulisimama kabla ya msimu mwingine. Sikuwahi kukuomba radhi.

Gemu yako iko sandukuni. Betri nimezitoa zisije zikavuja.

Leo lori limenikuta bado nimekaa mkekani nikichambua. "Mama, unajichosha bure," mnunuzi akasema. "Changanya twende."

"Ngoja, baba," nikamwambia.

Akapiga honi mara mbili. Sikuinuka mpaka nilipomaliza, nyeupe huku, fifi kule. Akauliza nani kanifundisha ubishi huu.

"Binti yangu," nikasema. "Shika gunia. Hili jeupe lifungwe peke yake."

Akalifunga.

Nisamehe, mwanangu. Pumzika.

Mayu wako