Vidonge vya Magoti

Kibondo, 6 Mei 2024

Binti yangu Immakulata,

Nina miaka sabini na mbili. Vita vya Burundi vimepita, nipo. Kipindupindu cha kambini kimepita, nipo. Wanaume niliovuka nao mpaka wameisha wote, nipo. Hujambo huko Dar? Mimi sijambo, moyo tu.

Leo mtoto niliyemfuta kamasi ananiamuru niache vidonge vya magoti eti kwa sababu napasuliwa moyo. Oya, sitaki! Wewe ni nesi, si mama yangu. Moyo na magoti vinajuana wapi? Nitaingia wodini kwa miguu yangu.

Baba yako, Ndayisenga

Dar es Salaam, 14 Mei

Shikamoo baba. Mimi mzima, hasira tu.

Nasema figo! Ukipasuliwa, damu inapitia kwenye mashine, figo zinapata kidogo. Zako zimeshachoshwa na sukari, presha na umri. Vidonge hivyo vinazibana zaidi. Zikigoma tutakuzika. Viache. Na njiani unywe maji kama daktari alivyokupimia.

Mwanao, Immakulata

Kibondo, 9 Juni

Immakulata,

Leo sikusalimii. Umenivua nguo mbele ya wodi nzima. Ndiyo, nilimeza vinne kwenye basi. Ndiyo, siku mbili sikunywa tone. Mimi nimbembeleze konda asimamishe basi nikojoe? Lakini kupekua begi langu, ukamkabidhi daktari pakiti, wagonjwa wakicheka! Nimepimwa damu nikarudishwa kama ng'ombe aliyekataliwa mnadani. Usiniandikie tena.

Ndayisenga

Dar es Salaam, 2 Julai

Shikamoo baba.

Radhi siombi. Yule mzee wa kitanda cha jirani naye alikuwa na vidonge. Alivificha vizuri kuliko wewe. Alipasuliwa, moyo ukapiga vizuri kabisa. Figo hazikuamka. Jana wanawe walimchukua mochwari.

Tarehe yako mpya ni 12 Agosti. Uje, usije, shauri yako.

Immakulata

Kibondo, 1 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hasira bado ninazo. Yule mzee ndiye aliyenicheka kuliko wote, kisha akanigawia ndizi yake.

Siku kumi na tisa sijameza kidonge. Chooni naenda nimeshika ukuta, machozi yananitoka, mimi Ndayisenga. Tarehe nane napanda basi. Stendi usije, sitaki unione ninavyoshuka.

Najua huniamini. Muulize Winifrida wa duka la dawa hapa sokoni. Jumatatu nilimwomba kidonge kimoja, kimoja tu. Akakiweka mezani. Akwambie mwenyewe ni nani aliyekiacha palepale.

Baba yako